Picha za mama ziko kwa mkebe wa Kimbo, zangu ziko wapi?

Mwaka jana nilitaka picha za kifungua mimba wangu akiwa mchanga, nikakumbuka nilizitoa zote kwa simu nikaziweka kwa hard disk moja ndio nipate nafasi. Kuichomeka kwa laptopu, tik tik tik, basi. Nikaenda nayo Luthuli Avenue, fundi akaiweka sikioni kama daktari, akasema "mami, hii kichwa kimegusa sahani", yaani ile sehemu ya kusoma imegusa kisahani cha ndani chenye data, na bei ya kujaribu tu, bila kuahidi chochote, ilinifanya ninyamaze kwa matatu mpaka Buruburu.

Na kwa mamangu kuna mkebe wa Kimbo umejaa negativu za miaka ya 80. Hakuna aliyewahi kuzitunza, tumehama nazo nyumba hadi nyumba, na nilipozipeleka kuskaniwa karibu zote zilitoka. Za rangi zimechujuka, maana zile rangi hufifia zenyewe hata gizani, lakini za blakendiwaiti aki ziko fiti kabisa, juu picha yake imeundwa kwa chembe za madini ya fedha.

Sisemi turudi kwa filamu, hiyo kuosha tu siku hizi ni pesa. Nayo ina shida zake, ikikaa kwa joto na unyevu plastiki yake inaanza kunuka siki na hiyo mvuke inaambukiza zingine, kwa hivyo ukisikia harufu tenga hizo haraka na uskani, na mkebe wa kubana kabisa kumbe si mzuri (pole mama). Albamu za gundi pia si nzuri, toa picha polepole.

Shida ya faili ni kwamba haikuonyeshi dalili. Leo iko, kesho haifunguki. Sasa mimi naweka nakala tatu: moja laptopu, moja diski ya nje, moja kwa dadangu Nakuru, tunabadilishana diski Krismasi, ndio moto au mafuriko yakija yasibebe zote. Fleshi usiitegemee, inashika data kwa chaji ya umeme na ikikaa droo miaka bila kuchomekwa inaweza kusahau. Na usiseme "ziko WhatsApp", hapo picha imeshabanwa, ukitaka ifike nzima itume kama dokumenti. Google nao walimaliza ofa ya kuweka picha bure bila kikomo Juni 2021, sasa ni GB 15 mnagawana na imeili zako, na akaunti ukiiacha miaka 2 bila kuigusa wanaweza kuifuta. Kwa hivyo ingia mara moja moja, na mtu mwingine nyumbani ajue paswadi.

Halafu kila Desemba nachagua picha kama 20 naprinti, kwa karatasi ya picha ya ukweli, uliza studio kabla hujalipa. Usitundike mahali jua linapiga. Nyuma naandika kwa penseli, polepole, nani, wapi, lini.

Hii ya majina nimejifunza kwa huo mkebe. Kuna moja ya Uhuru Park, babangu na suruali ya belbotomu amemshika bega mwanaume mrefu, wanacheka sana. Baba alishaenda. Mama ameiangalia, akavaa miwani akaiangalia tena, hamjui. Jumapili naipeleka Murang'a kwa tata, anti yangu, yeye ndiye amebaki.