Jina la tovuti yetu limeandikwa kwa jina la fundi

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wabangua korosho, Newala. Kijana aliyetutengenezea tovuti ndiye aliyetusajilia jina letu la .co.tz. Sasa kahama, simu hapokei, na jina linaisha mwezi ujao. Tukienda TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) tukalipia wenyewe, litakuwa letu?

JIBU: Mama, kulipia peke yake hakutoshi. Mwenye jina ni aliyeandikwa kwenye daftari. Hili ninyi mnalijua kuliko mimi: korosho ikishaingia ghalani, fedha ya mnada inamfuata mwenye stakabadhi, hata kama aliyepalilia ni mwingine.

Daftari la majina yote ya .tz linashikwa na TCRA. (Zamani lilishikwa na tzNIC, kituo cha majina ya .tz; mkikikuta kwenye karatasi za fundi msishtuke.) Herufi hizo mbili ni alama ya nchi yetu katika orodha ya kimataifa ya ISO 3166, na IANA, inayotunza mzizi wa majina ya intaneti duniani, ndiyo inayomwelekeza kila anayetafuta .tz kwenye seva zake. Ila wateja kama ninyi husajili kupitia wasajili wenye idhini, na hao ndio mnaowalipa.

Basi ingieni WHOIS, huduma ya bure ya kuulizia majina, mwandike jina lenu. Mtamwona msajili na tarehe ya kuisha. Pigeni huko, mwachane na fundi kwanza. Waombeni wapokee ada ya mwaka hata kabla ya kujadili umiliki, maana muda wa nyongeza ukipita jina hufutwa, na atakayewahi ndiye atakayelichukua.

Kisha ombeni kubadilisha mmiliki. Andaeni cheti cha usajili wa kikundi, risiti, na hata meseji za M-Pesa mlizomlipa kijana. Barua pepe itakayoandikwa iwe ya kikundi, isiwe ya katibu. Huko ndiko zinakotumwa taarifa za kuisha na namba ya siri ya kuhamia msajili mwingine. Mafundi wengi huandika yao kwa haraka tu, bila ubaya. Wapo wachache wa kangomba, walanguzi wanaokuja kukuuzia jina lako mwenyewe.

Ankara ya kuhifadhi tovuti ni nyingine kabisa. Mkipiga simu, ulizeni na hiyo iko kwa jina la nani.