Jibu: diski ya nje inalia tik-tik na kompyuta inataka kuifomati
Ndugu wa Kondele, Kisumu, umesema diski yako ya inchi 2.5 inawasha taa, inalia tik-tik, halafu Windows inauliza kama uifomati, yaani uiandae upya kama diski tupu. Usikubali! Ukifomati, kuokoa mafaili kutakuwa kugumu zaidi.

Anza na umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ukipitishia kwenye kigawanyo cha USB (hub) cha matundu manne kisicho na adapta yake ya umeme, itakosa nguvu na kulia hivyo hivyo. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Badilisha waya pia: tafuta mfupi, nusu mita hivi, wenye kile kichwa kipana cha vipande viwili. Mwembamba wa mita mbili hupoteza volti njiani.

Ikitulia, nakili kwanza picha na hati zako. Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ingoje: ikirekebisha huandika kwenye diski na kuisumbua.

Ikiendelea kutiki hata kwa waya mpya, huenda vichwa vya kusomea vimeharibika. Ichomoe mara moja, maana kila jaribio laweza kukwaruza sahani za ndani zinazohifadhi mafaili. Na fundi akikuambia aifungue pale mezani Oginga Odinga Street, kataa: chembe moja ya vumbi yatosha kuimaliza.