Mbona Beatles waliacha ziara?

Swali: Mhariri, Beatles, ile bendi ya roki ya Uingereza, si walipokelewa kwa shangwe Marekani 1964, sasa mbona miaka 2 tu baadae wakaacha kabisa shoo za ziara?

Jibu: Ndugu msomaji, mwaka 1966 ndo uliwachosha. Tokyo walikuta watu wamekasirika kwamba ukumbi wa Budokan ni wa judo na mapigano ya jadi sio wa muziki wa roki, polisi wakajaa kila kona. Manila ndo ikawa balaa, hawakutokea kwenye mwaliko wa Imelda Marcos, mke wa rais wa Ufilipino, ikulu, watu wakaona ni dharau, ulinzi ukaondolewa na msafara wao ukasukumwa sukumwa uwanja wa ndege. Halafu Marekani nako ikawa shida, maana John Lennon wa bendi hiyo alishasema wanapendwa kuliko Yesu, wengine wakachoma sahani za muziki za Beatles, ikabidi ajieleze kwa waandishi Chicago. Ila mi naona kilichouma zaidi ni zile kelele, mashabiki wanapiga mayowe mpaka wenyewe jukwaani hawasikii wanachopiga, mwanamuziki gani anayejali kazi yake atavumilia hivyo jamani? Shoo ya mwisho ya ziara walipiga San Francisco, 29 Agosti 1966, baada ya hapo nguvu zote zikaenda studio.