Wazee watumwe, ila wasitumwe kuhesabu vichwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mzee aliyestaafu ana kazi yoyote katika umisionari wa nchi za mbali, au awaachie vijana yeye abaki na wajukuu. Mimi na mzee wangu tulitumwa na kanisa letu kwenda kuishi na Wakhmer, kijijini Kambodia, kaskazini mwa mkoa wa Siem Reap. Yeye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mimi mkunga mstaafu. Jibu langu ni ndiyo, wazee watumwe. Ila ile sababu inayotajwa mimbarini, kwamba wazee wana hekima na pensheni, siiungi mkono. Pensheni yenyewe mnaijua.

Watalii wanaofika Siem Reap huishia kwenye mahekalu ya Angkor. Ukiendelea kaskazini unakuta mashamba ya mpunga yanayongoja mvua ya Mei hadi Oktoba, na nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Mchana kutwa watu wako chini ya nyumba, kivulini, kwenye kitanda cha mbao kisicho na godoro au kwenye bembea ya wavu. Na watu wenyewe ni bibi na wajukuu. Wazazi wa watoto, tulipokuwa kule, walikuwa Phnom Penh kwenye viwanda vya nguo, au walikuwa wamevuka mpaka kwenda Thailand kutafuta vibarua vya ujenzi na mashamba. Walituma hela, na hela ilipofika mara nyingi iliingia kwenye mkopo uliochukuliwa kwa kuweka hati ya shamba dhamana. Kijiji cha namna hiyo ukikipelekea kijana wa miaka 24 na gitaa lake, atawapata watoto. Bibi zao atawaamkia na kupita.

Kule mtu akikutana nawe anataka kujua umri wako mapema, maana asipoujua hajui akuite nani. Sisi tukawa Ta na Yeay, babu na bibi, tangu siku tuliyoshusha mabegi. Watu wazima walituamkia kwa viganja vilivyounganishwa na kuinuliwa hadi mdomoni. Kwa mtawa wa Kibuddha viganja hupanda hadi kwenye nyusi. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji semina kuelewa hayo.

Lakini heshima hiyo ina hatari yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na viongozi wetu wa idara ya misheni. Uzee unakupa ndiyo ya bure. Nikimwambia mama wa miaka 40 aje Jumapili, atakuja, kwa sababu bibi hakataliwi. Atakaa mbele, ataimba asichokielewa, atarudi nyumbani. Kwenye ripoti ya robo mwaka huyo ni mtu mmoja. Mzee wangu, ambaye hajawahi kumpa mwanafunzi alama asiyoistahili, ile safu ya mahudhurio alikuwa anaiacha wazi na kuandika pembeni mvua imenyesha lini na nani anaumwa. Tuliandikiwa barua kwa ajili hiyo. Sisi tuliona wazee wa rika letu kule walishawahi kuyaona hayo: baada ya 1979, kwenye kambi za wakimbizi mpakani mwa Thailand, Khao-I-Dang na nyinginezo, ibada zilijaa watu, na wengi waliporudi vijijini walirudi pia kwenye pagoda, mahekalu yao ya Kibuddha. Anayetaka hesabu namkumbusha Gaspar da Cruz, Mreno wa shirika la Wadominiko, aliyefika Kambodia mwaka 1555. Alikaa kama mwaka mmoja, akaondoka akiwa amembatiza mtu mmoja tu, na huyo alimwacha kaburini.

Sasa nieleze kile ambacho wazee wanaweza na vijana hawawezi. Hapa umri peke yake hautoshi, na ndiyo maana nasema watumwe mume na mke.

Mkhmer wa miaka yetu alikuwa kijana tarehe 17 Aprili 1975, siku wakomunisti wa Khmer Rouge walipoingia Phnom Penh na kushika nchi. Miji ilihamwa yote. Familia zilitenganishwa kwa vikosi vya kazi, chakula kikawa cha bwalo, na mpaka Januari 1979 walipoondolewa na jeshi la Vietnam walikuwa wamekufa watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7, katika nchi ambayo haikufikisha hata watu milioni kumi. Wanaume walikufa wengi zaidi. Kwa hiyo katika rika letu wajane ni wengi, na mzee na mkewe wakitembea pamoja njiani jioni ni kitu cha kuangaliwa. Tulidhani wanatutazama kwa sababu ya weusi wetu. Kumbe hata hilo lilikuwa la pili.

Jirani yetu alikuwa bibi mtafuna tambuu. Mimi nimezaliwa Pangani, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi mmoja aliyekuwa na sahani yake ya uraibu, kwa hiyo jirani aliponisogezea jani, popoo na chokaa sikuuliza kitu. Nilipaka chokaa kidogo kwa kidole, nikakunja jani, nikatia shavuni. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nilikuwa na nafasi yangu kwenye kitanda chake cha mbao, naye ndiye aliyenisahihisha Kikhmer bila kuniogopa.

Siku moja akaniuliza nani alituozesha. Nikamweleza: barua ya posa, mshenga, wajomba waliobishania mahari siku mbili. Mahari ilimchekesha. Halafu akaanza kusimulia ya kwake, akiendelea kupanga majani kwenye sahani. Walikuwa wanachimba mfereji. Jioni wakaitwa majina, wakapangwa mistari miwili, wanaume huku na wanawake huku. Jina la mwanamume aliyesimama mbele yake alilisikia hapo hapo. Wakaambiwa washikane mikono na waahidi kulifanyia Angkar kazi kwa bidii, Angkar ndilo jina ambalo chama kilijiita. Mzazi hakuwepo, mtawa hakuwepo, hata popoo, ambayo harusi ya Kikhmer haikamiliki bila hiyo, haikuwepo. Kesho yake wakarudi kwenye mfereji. Baada ya 1979 kila mtu alikuwa huru kwenda zake. Nikamuuliza mbona alibaki. Akasema, "Hakunipiga, na alijua kuvua samaki." Mumewe alikuwa kwenye bembea hatua chache, macho yamefumba. Akasema bila kuyafumbua kwamba mistari ilikuwa mitatu.

Baadaye nilipata kujua kwamba ndoa hizo za kulazimishwa zilifika mahakamani. Hukumu ya Novemba 2018 dhidi ya Nuon Chea na Khieu Samphan, waliokuwa viongozi wa Khmer Rouge, ilizitaja kuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Jirani yangu hakuwa na haja ya kuambiwa hilo na mimi. Alitaka kumsimulia mtu ambaye naye ana mume wa miaka mingi, anayekoroma, anayebishana. Kijana asingeulizwa swali lile la kwanza, wala la pili lisingefika. Nikiulizwa nilihubiri nini siku hiyo, sikuhubiri.

Kuna mambo mengine hayana jibu hata kwa wazee. Mzee mmoja alimuuliza mume wangu kuhusu Duch, aliyesimamia gereza la S-21 Phnom Penh, ambako maelfu waliteswa na kupelekwa kuuawa. Duch alibatizwa kuwa Mkristo miaka ya 1990. Je, huyo naye mtakaa naye huko mbinguni kwenu? Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, akasema hajui amjibu nini, akaomba aje kesho yake wasaidiane kushona wavu. Akaenda kweli.

Na kuna Pchum Ben, zile siku 15 za Septemba au Oktoba ambapo watu hupeleka chakula pagoda ili kiwafikie wafu wao. Wachungaji wengi vijana wa Kikhmer wanakataza waumini kabisa, na nawaelewa, wao ndio wanaobaki na kanisa. Lakini bibi ambaye mama yake alikufa njaa mwaka 1977 na hajui alizikwa wapi, ukimwambia aache kumpelekea wali, uwe umejipanga kwa kinachofuata. Mimi nilikaa jikoni na wanawake kufunga ansom: mchele unaonata, choroko, nyama ya nguruwe yenye mafuta, vinaviringishwa kwenye jani la mgomba, vinafungwa kamba na kuchemshwa usiku. Ubani sikuwasha. Alfajiri walipokwenda pagoda mimi nilibaki kuangalia watoto. Wapo walioona nimekosea upande huu, na wapo walioona nimekosea upande ule.

Cha kuchekesha ni jinsi tulivyojulikana. Nchi yetu kule ni nchi ya panya! Panya buku wanaofundishwa na APOPO hapa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ndio wananusa mabomu ya ardhini Kambodia, maana uzito wao ni mdogo, hautoshi kuyalipua. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, mwaka 2020, akafa Januari 2022. Mtoto wa jirani aliniuliza kama kwetu kila nyumba ina wake. Nikamwambia kwetu Kihonda tunawategea mitego, wanamaliza mahindi. Hakuniamini.

Kwa wanaojiandaa kwenda: msipeleke mtu kwa miezi mitatu, hiyo ni kutalii. Kikhmer huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, na macho ya miaka 66 yanateseka. Mzee wangu alijifunza kusoma pamoja na darasa la kwanza, mimi niliishia kwenye kusema. Na angalieni magoti. Unakaa mkekani miguu imekunjwa upande mmoja, nyayo zisimwelekee mtu, saa nzima, kisha unapanda ngazi ya mbao isiyo na pa kushika. Mtu mwenye magoti mabovu atabaki kuwa mgeni wa kiti cha plastiki uani.

Mzee anasoma hiki ninachoandika, anasema niongeze kwamba tuko tayari kurudi. Yeye yuko tayari. Mimi nina miadi na daktari wa mifupa mwezi Novemba, nitajibu baada ya hapo.

Yeay wa Kihonda,
Morogoro