Mkuu, kabla ya Jumamosi angalia mguu uliosimama

Mkuu, hapana. Jumamosi usiingie kwenye hiyo sparingi, hilo pambano la mazoezi.

Nimesoma bandiko lako mara mbili. Una miezi mitano ya taekwondo na mkanda wa njano. Unauliza hogu, ile kinga ya kifua, ununue saizi gani, klabu yako inayofuata Kukkiwon (makao makuu ya taekwondo kule Seoul) na ile ya ITF (shirikisho jingine la kimataifa) ya mtaa wa pili ipi ni bora, na ufanyeje teke la kichwa lipae haraka kwa sababu umepangwa na mkanda mwekundu, mtu aliyekaribia mweusi. Halafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, ukadokeza kwamba goti la kushoto "linalia kidogo upande wa ndani nikipiga kwa mguu wa kulia". Watu wamekujibu kurasa mbili nzima kuhusu hogu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza habari za goti. Nimeshindwa kupita kimya.

Goti la kushoto linalia ukipiga kwa mguu wa kulia, maana yake linalolia ni la mguu uliosimama. Mguu huo haugeuki. Langu lilianza hivyo hivyo, kwa kulia kidogo, upande huo huo.

Goti ni bawaba, mkuu. Linakunja na kunyooka. Kuzunguka linazunguka kidogo sana, tena likiwa limekunjwa, na likinyooka kabisa karibu halizunguki. Nyonga ndiyo inayozunguka. Sasa fikiria dollyo chagi, teke la kuzungusha mguu kwa pembeni: unainua goti la mguu unaopiga, nyonga inafunguka na kupinduka, ugoko unachapa kwa pembeni. Nyonga imeshazunguka na mwili wote umeifuata. Wayo wako wa chini ukibaki umeganda, vidole vikimtazama mpinzani vile vile kama ulivyoanza, msokoto wote huo utaishia wapi? Juu kuna nyonga inayozunguka, chini kuna wayo uliokwama, katikati kuna bawaba. Kila teke ulilopiga hivyo kwa miezi mitano limekuwa likilisokota goti hilo kama mtu anayekamua nguo.

Na teke la kichwa ndilo baya zaidi, kwa sababu kadiri unavyopiga juu ndivyo nyonga inavyodai kufunguka zaidi. Nyonga haifunguki kama kisigino cha chini hakijageuka. Kwa hiyo hata hilo swali lako la teke kupaa haraka jibu lake liko chini. Watu wengi wanaodhani misuli yao ya paja imekaza, wanaojipasua msamba kila asubuhi, shida yao ni kisigino.

Sasa nikueleze yangu ili usiseme nakutisha.

Nilikuwa na miezi sita, mkanda kama wako. Klabu yetu ilifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa vigae, tunatandika ile mikeka ya povu ya kuunganisha, wiki mbili tu inaanza kuachana kwenye viungo. Mwalimu mkuu alikuwa anasafiri sana, darasa akamwachia jamaa mmoja mwenye mkanda mweusi. Jamaa alikuwa na mateke ya kupendeza mno, na sisi tukadhani anayepiga vizuri anafundisha vizuri. Alikuwa na video moja kwenye simu anaionyesha kila wiki: Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast, fainali ya kilo 80, Olimpiki ya Rio 2016. Anamfuata Mwingereza Lutalo Muhammad kwa 6 kwa 4, muda unaisha, anageuka na kuachia teke la kuzunguka kichwani, matokeo yanakuwa 8 kwa 6. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Nani asingetaka kupiga vile? Tulikuwa tunaomba irudiwe.

Jamaa akawa anatuambia: "Pigeni juu tu, mguu wa chini utajipanga wenyewe."

Kauli hiyo naisikia mpaka leo. Hautajipanga, mkuu. Mguu wa chini unajipanga kwa maelfu ya marudio ya polepole, ukiwa umeshika ukuta, mtu anakuangalia kisigino. Cissé hakuamka siku ile akaamua kugeuka. Alikuwa na miaka na miaka ya kugeuka mgongoni mwake. Sisi tulionyeshwa sekunde ya mwisho, tukanyimwa miaka yote iliyotangulia.

Goti lilipoanza kulia nikamwambia. Akanijibu mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ilitungiwa matunda, goti haliivi. Lakini nilikuwa mgeni, yeye ana mkanda mweusi, na mila ya dojang, ukumbi wa mazoezi, ni kuinama na kusema ndiyo sabum, yaani ndiyo mwalimu. Nikavumilia wiki tano. Nilikuwa nalipaka dawa ya kuchua kabla ya mazoezi ili nisisikie. Hebu soma tena sentensi hiyo: mwili unaniita, mimi naziba masikio.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kama yako. Nikapangwa na mkanda mwekundu, mzito kuniliko kwa kilo zisizopungua 15. Raundi ya pili, nimechoka, mkeka umelowa jasho. Kuna jambo watu hawalijui: jasho jingi linateleza, ila jasho kidogo kwenye mkeka wa povu linanata kama gundi. Nikaona kichwa chake kiko wazi. Nikapiga dollyo ya juu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zangu zote. Wayo wa kushoto ukabaki pale pale kwenye kiungo cha mikeka. Yeye akawa anaingia ndani, kifua chake kikakutana na paja langu hewani, mwili wangu ukasukumwa kuzunguka zaidi. Nyonga ikaenda, wayo ukabaki. Nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Waliokaa pembeni nao waliusikia.

Nikiwa chini, jamaa akaja akalinyunyizia maji, akalikunjakunja, akasema inuka utembee damu izunguke. Nikatembea. Ndani ya saa moja goti lilikuwa kama nazi. Mkuu, goti likilia mlio kisha likavimba ndani ya saa chache, mara nyingi hiyo ni damu inamwagika ndani ya kiungo, na kuna kitu kimekatika. Hapo unakwenda hospitali siku ile ile. Mimi nilipelekwa kwa fundi wa kukanda, akalivuta na kulipindua mpaka nikalia machozi, nikaambiwa limerudi mahali pake.

Uvimbe ukapungua baada ya wiki mbili na nusu. Natembea vizuri, sichechemei. Sasa hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, lile lililonigharimu kuliko mengine yote, kuliko hata teke lile. Nilirudi. Sikupima, sikuuliza mtu aliyesomea, nilirudi kwa sababu kutembea kulikuwa hakuumi na kulikuwa na mtihani wa mkanda mwezi unaofuata. Jamaa akanipokea kwa makofi mbele ya darasa, akasema huyu ndiye mpiganaji. Dakika ya kumi ya mazoezi ya pedi, hata siyo sparingi, napiga teke la kiunoni, la kawaida kabisa, goti likatoka likarudi. Nikaanguka peke yangu bila kuguswa na mtu. Safari hii halikunyooka tena. Likakwama nusu, kama mlango ulioshikwa na jiwe.

Daktari wa mifupa alinilaza, akashika ugoko wangu chini ya goti akauvuta kwake. Ukaja mbele kama droo ya kabati. Alipojaribu ule mwingine haukusogea. Hakuhitaji kuniambia, nilikuwa nimeshaona mwenyewe. Kipimo cha MRI kikathibitisha: ile kano ya katikati ya goti inayoitwa ACL imekatika, na gegedu la ndani limechanika na kipande kimejikunja katikati, ndicho kilichozuia goti kunyooka. Akaniuliza ni mara moja au mbili. Nikamwambia mbili. Akasema kano inaelekea ilikwenda mara ya kwanza, gegedu pengine lingesalimika kama ningekuja wakati ule.

Upasuaji. Magongo. Fiziotherapia mara tatu kwa wiki, kujifunza upya kupanda ngazi. Paja la kushoto lilikonda likawa kama mkono. Niliambiwa nisifikirie kupiga teke kabla ya miezi 9, na mimi ilinichukua 14. Akiba ya kiwanja iliishia hapo. Mke wangu alikuwa mjamzito na akawa ananibebea ndoo ya maji mimi. Hilo sijalisamehe, na sizungumzii goti.

Jamaa aliyetufundisha hakuja hata kunijulia hali. Nasikia bado ana darasa mahali na bado anaonyesha ile video. Ndiyo hasira yangu. Mkanda mweusi unathibitisha kwamba umejifunza, haukupi ruhusa ya kuchezea viungo vya watu. Mwalimu anayekuambia maumivu ya kiungo ni uvumilivu hajui tofauti ya msuli na kano. Msuli ukiuma kesho yake baada ya mazoezi, sawa, huo unazoea kazi. Kiungo kikiuma wakati ule ule unapopiga, mahali pale pale, kila mara, hicho kinakuonya.

Najua watakuja wa kusema najifanya daktari. Sina koti jeupe. Nina kovu, na kovu lina tarehe.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote acha: mguu wa chini unageuka kwanza, ndipo wa juu unapiga. Fanya hivi leo usiku. Bandika kipande cha utepe sakafuni kikielekea ukutani mbele yako, simama juu yake peku, shika kiti. Inua goti la mguu unaopiga na usipige. Sasa uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya wayo wa chini, ile nene nyuma ya vidole, kisigino kimeinuka kidogo tu, goti la chini limelegea, halijakazwa. Geuza mpaka kisigino kiwe kinamtazama mpinzani. Angalia chini uthibitishe kwa utepe, usiamini hisia. Ndipo unyooshe mguu, polepole, usawa wa kiuno. Ukunje tena, ushushe. Yop chagi, lile teke la pembeni, hivyo hivyo, kisigino mbele. Mara 20 kila upande, kila siku, na usipande juu ya kiuno mpaka kisigino kigeuke bila wewe kukikumbuka. Mimi niliporudi nilifanya hivyo miezi minne kabla ya kugusa kifua cha mtu, na kwa mara ya kwanza maishani teke langu likafika kichwani bila kulisukuma.

Na usinitumie zile video za mashindano ya siku hizi, wanarukaruka kwa mguu mmoja huku wa mbele umeinuliwa muda wote, wanagusa kichwa karibu bila kugeuka. Wanacheza na hogu za kielektroniki, soksi zina vihisio, hawahitaji kuvunja ubavu, wanahitaji kugusa panapohesabu. Magoti yao yamejengwa kwa kazi hiyo tangu utotoni. Wewe una miezi mitano.

Hesabu yenyewe ya pointi inakutetea. Teke la kichwa la kawaida, lisilo la kujizungusha kama lile la Cissé, ni 3. Teke la kifuani ni 2. Mawili ya kifuani yanakupa 4, na kwa bandal chagi, lile la nusu mzunguko, nyonga haidai kupinduka sana kama dollyo ya juu. Nani alikuambia sparingi ya kwanza lazima iishie kichwani?

Hogu, nunua yoyote inayokukaa bila kupanda kidevuni. Lakini angalia orodha ya vifaa vyote vya mashindano: hogu kifuani, kofia, kinga za mikono, za ugoko, ya kinena, glavu, ya meno. Goti halimo. Hakuna duka litakalokuuzia kinga ya kosa hili.

Nenda kwa sabum wako kabla ya Jumamosi, mfuate pembeni, umwambie kwa heshima: "Sabum, goti la mguu ninaosimamia linauma kila nikipiga, naomba nisiingie sparingi mpaka nipimwe." Akiwa mwalimu wa kweli atakuwekea kiti na atataka kuona kisigino chako. Akikuambia mvumilivu hula mbivu, chukua begi lako.

Na kabla ya hapo, leo hii, weka simu chini sakafuni, usawa wa vifundo, upande wa mguu uliosimama. Jirekodi mateke matano ya kulia kwa mwendo wako wa kawaida, usijirekebishe kwa ajili ya kamera. Iweke hapa kwenye uzi. Niko macho mpaka saa sita.