Sisimizi wahamie kwenye tofali

SWALI: Nafundisha sayansi shule ya msingi huku Muheza. Niliwatengenezea wanafunzi nyumba ya sisimizi kwa jipsamu ndani ya boksi la kioo. Mvua zilipoanza ikaota ukungu, na sasa sisimizi wameitoboa hadi pembeni. Nitumie kitu gani kinachodumu na kutunza unyevu?

JIBU: Mwalimu, hongera sana, watoto wako wana bahati. Jipsamu hunywa maji vizuri, ila ikishiba hulainika, na sisimizi wachimbaji hawaachi kuitafuna. Mabaki ya chakula yakioza humo ndani, ukungu haukwepeki.

Tumia tofali la kuchoma, lile lile la kujengea. Ligonge kwa jingine: lililoiva hulia kwa sauti kali, bichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha lilaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji. Ukikuta tope chini, tafuta jingine. Likitoka zima, likaushe, ulidondoshee tone la maji. Likinywewa papo hapo, hilo ndilo.

Lisugue uso mmoja kwenye sakafu ya saruji, kwa mchanga na maji, mpaka kipande cha kioo cha dirisha kikae juu yake bila kucheza. Chonga vyumba kwa patasi, kina cha sentimita 1 hivi, uviunganishe kwa vijia vyembamba. Ncha moja toboa shimo lisilofika vyumbani. Hapo utakuwa unatia maji kwa bomba la sindano.

Nakuomba sana, usililoweshe tofali lote. Ncha moja iwe na unyevu, nyingine kavu, sisimizi wachague wenyewe. Funika kioo kwa kadibodi, kisha iinue, wanafunzi waangalie: mara nyingi mayai na mabuu wachanga hulundikwa upande wenye unyevu, pupa, yaani hatua inayofuata mabuu, husogezwa pakavu. Maji yakipungua, sisimizi wafanyakazi hubeba wachanga hao mdomoni na kuwahamisha. Somo hilo halimo kitabuni.

Saruji nayo inadumu, lakini ikiwa mbichi ina ukali wa chokaa. Iloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji. Mbao sikushauri, zitaoza.

Majimoto wa michungwa ya huko kwenu waache juu ya miti. Wao hushona viota kwa majani, tofali halitawafaa. Chukua wanaochimba ardhini, na uhakikishe malkia yumo.