Miguu ya meza

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mamangu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani na miwani ya mama yako, maana yangu imevunjika mkono. Sote wazima. Mama yako kauliza kwanza kama unakula, ndipo akauliza habari za biashara.

Unasema wale jamaa wenye migahawa mitano huko London wanataka mtu mmoja tu wa kuwaletea vitu vyote vya Uhispania: jibini, zeituni, mafuta, mchele, anchoa wale samaki wadogo wa chumvi, na mguu pia. Gari moja, invoisi moja, asubuhi moja. Bila ya mguu hawakutaki. Sasa unaniuliza, tuuze mguu au tusiuze? Nimecheka kidogo, kwa sababu hata katika karatasi hukuthubutu kuandika nguruwe, wala jamón, huo mguu wa nguruwe wa kukausha kwa chumvi kama wauitavyo Wahispania. Umeandika mguu, kama tulivyouita nyumbani siku zote.

Hesabu zako nimezielewa, hilo lisikutie shaka. Nilipoanza mwaka 1991 karatasi za forodha zilikuwa rundo. Januari 1993 zikaondoka, lori likawa latoka Cáceres, Uhispania, kama linavyotoka Leeds, humo humo Uingereza. Januari 2021, Uingereza ilipotoka soko la Ulaya, zikarudi, safari hii na watoto na wajukuu wao. Na Aprili 2024 ikaja hiyo ada ya ukaguzi ya bandari ya Dover, ikaanza na hadi pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa ya wanyama, isizidi pauni 145 kwa mzigo, juu ya cheti cha daktari wa mifugo na malipo ya wakala. Mwenye lori zima haimuumi. Wewe unayetia paleti moja ya jibini katika lori la kuchangia, inakula faida ya jibini lote. Kwa hiyo migahawa mitano kwako ni pumzi. Naelewa.

Lakini swali lako mimi nalisoma vingine. Hukuniuliza kama ni halali. Umesoma madrasa, unajua, na mimi si mufti wako. Umeniuliza kama biashara itasimama bila ya mguu, na hilo siwezi kulijibu kabla hujaniambia nani anaingia kwa mlango wa nyuma wa hayo majiko matano. Ni wewe, au ni kijana wa gari?

Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimekwambia tangu ukiwa hujaota meno ya mbele: uongo. Kizuri hakijiuzi, kizuri huonjeshwa. Pilipili za La Vera, kule Uhispania, zinakaa juu ya moshi wa mwaloni siku kumi hata kumi na tano, mtu anazigeuza kwa mkono kila siku, kwa sababu vuli ya kule ina mvua na jua si la kutegemewa kama la Murcia. Habari nzuri sana hiyo. Msimulie mpishi saa nne asubuhi, mbele yake kilo ishirini za vitunguu, uone kama atakusikia. Atakwambia paprika anayo, ya bei nafuu. Ndiyo maana nilitembea na mkate mfukoni. Kata kipande, mimina mafuta, nyunyiza pimentón, unga wa pilipili hizo, na chembe za chumvi, mpe, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Mama yako anasema sijapata kunyamaza popote duniani ila mbele ya wapishi.

Nilikwenda Jaraíz, mji wa La Vera, kuwaona wenyewe wanavyofanya, Oktoba, wewe bado mchanga. Kihispania changu kilikuwa cha kuoshea vyombo tu, cha kule Portobello, London, nilikofanya kazi mwanzo. Lakini maneno yalikuwa yananijia kama watu wa mtaani kwetu: aceituna ni zeituni, azafrán zafarani, azúcar sukari, berenjena biringani. Mzee mmoja alikuwa akipima kwa arroba. Nikamuuliza arroba ni nini. Akachukua kijiti, akachora duara mchangani, akalikata mara nne, akaonyesha kipande kimoja. Robo! Nilicheka hadi wakadhani moshi umenipanda kichwani. Wamepewa na Waarabu kama tulivyopewa sisi, wao upande ule, sisi upande huu. Usiku ule nililala nikijiona sikutoka mbali.

Nimetoka nje ya njia. Nilitaka kukwambia habari za Mgalisia, yule mtu wa Galicia, Uhispania.

Unamkumbuka, wa tao la pili kutoka letu, pale kwenye maghala ya chini ya reli, Bermondsey. Yeye na mimi tulianzia kwenye uozo. Kiangazi cha 1994 nilileta katoni zangu za kwanza za anchoa kutoka Santoña, nikazipanga rafuni pamoja na jodari. Kopo ni kopo, nilidhani. Hakuna aliyeniambia kwamba jodari anapikwa ndani ya kopo, na anchoa hapikwi kamwe: anakaa kwenye chumvi miezi, wanawake wanamchambua miba kwa mkono, anawekwa kwenye mafuta, basi. Bila ya baridi hana maisha. Nikafungua kopo mbele ya mteja mwezi wa nane. Ulikuwa uji, mwanangu. Uji wa kahawia, unanuka bandari. Katoni kumi na nne, na pesa za kukopa kwa mjomba wako, ambaye hadi leo akila samaki wa kopo hunitazama.

Mgalisia alikuja, akachungulia, hakucheka. Akanifungulia chumba chake cha baridi, akanipa rafu mbili. Kodi hakutaka. Akaja nyumbani kula pweza wa nazi wa mama yako, sahani tatu, akauliza nani aliyempiga pweza huyu akalainika hivi, maana kwao nako humpiga. Siku ya pili akatupikia wake, juu ya ubao, mafuta, chumvi ya mawe na pimentón yangu. Ndipo tukapeana mkono: yeye mguu na soseji, mimi vingine vyote. Akiulizwa jibini analeta jina langu. Nikiulizwa mguu nalitaja lake. Hapakuandikwa kitu.

Sasa ile siku. Desemba 1998, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, gari lake likazima. Akaja kwangu amevaa aproni, mikono imemlegea. Miguu sita, Clerkenwell, kabla ya saa tano. Nikaziona zile rafu mbili mbele ya macho yangu, zimejaa anchoa wangu, wazima. Nikasema, pakia wewe, mimi sigusi. Akapakia. Aliifunga kwa vitambaa vyeupe, lakini kwato zilikuwa nje, nyeusi tititi, na mafuta yameanza kupenya kwenye kitambaa kama mafuta ya vitumbua kwenye gazeti.

Wewe ulikuwa na miaka saba, umekaa mbele na machenza yako. Kila tuta la barabarani, ko, ko, ko. Ukageuka. "Baba, nini kinagonga huko nyuma?"

Nikasema, "Miguu ya meza."

Jioni ukamwambia mama yako mbele ya wageni kwamba leo umekwenda na baba kupeleka miguu ya meza. Mama yako akanitazama. Hakusema neno. Nililiosha lile gari usiku na baridi ile, naye amesimama dirishani akihesabu, na nilipofika mara ya saba akazima taa. Ndipo lilipotoka neno letu la mguu, na nadhani ulikwisha kulijua zamani, lakini mimi mwenyewe sijakwambia hadi leo.

Lakini si hilo lililoniuma siku ile. Tulipofika, mpishi mkuu alitoka nje yeye mwenyewe. Yule mama wa Kiingereza aliyewahi kupika San Sebastián, Uhispania. Alitoka kwenye baridi bila koti, akaupokea mguu wa kwanza mikononi kama mtu anayepokea mtoto, akaunusa karibu na mfupa, akacheka. Miaka mitatu nilikuwa nampelekea zafarani ya La Mancha, mchele wa Bomba, siki ya Jerez, vitu vya maana, na aliyetia sahihi risiti zangu alikuwa kijana wa kuosha masufuria. Kwa zafarani hakuwahi kutoka nje. Ua la zafarani huchumwa kwa mkono alfajiri, nyuzi tatu tu kwa kila ua, lakini basi.

Pasaka iliyofuata nikakuta kwenye mlango ule wa nyuma katoni ya pilipili nyekundu za piquillo za Lodosa ambayo si yangu. Na juu yake nusu ya Manchego, ganda lina zile alama za msokoto. Jibini langu silisahau, na lile halikuwa langu. Mpishi akanieleza kwa upole, na upole ndio mbaya zaidi: invoisi moja ni rahisi. Maneno yale yale unayoniandikia leo.

Nikaenda kwenye tao la pili. Alikuwa anakata mguu, vile vipande vyembamba vinavyopitisha nuru. Akasema, "Yeye ndiye aliyetaka. Mimi sikumwomba." Akanimiminia kahawa. Na mimi nikainywa. Miaka ishirini na kitu sasa, kumpoteza mteja nimesahau, lakini kahawa ile bado inaniudhi. Ningeiacha pale juu ya meza.

Nimekaa nikiwaza: je, ningelikuwa na mguu, yule mpishi angebaki kwangu? Siku moja nasema angebaki. Siku nyingine nasema hapana, kosa langu ni kumpa mtu mwingine ufunguo wa jiko la mteja wangu, na mguu ulikuwa ufunguo tu. Angekuwa na njugu za ajabu badala ya mguu yangetokea hayo hayo. Halafu namkumbuka yule mpishi alivyotoka bila koti, nasema, njugu gani. Hakuna mtu anayetoka nje kwa ajili ya njugu.

Na usidhani nakusimulia haya ili nijifanye mtakatifu. Yule bwana wa Hackney aliyekuwa akitengeneza chorizo, ile soseji ya nguruwe, nani alikuwa akimuuzia pimentón kwa gunia? Mimi. Nilisema, mimi nauza pilipili, anachochanganya ni shauri lake. Siki ya Jerez inatoka kwenye mvinyo, na mama yako na mimi hatujaumaliza mjadala huo mpaka kesho. Sheikh mmoja aliniridhisha mimi, mama yako hakuridhika. Kwa hiyo mstari niliouchora haukuwa umenyooka kama unavyodhani. Ulipinda kila ulipokutana na kodi ya nyumba. Lakini ulikuwepo. Mstari uliopinda bado ni mstari, ama sivyo? Hapo pia nimebishana na nafsi yangu.

Wala si kwamba sikuujua mguu. Naujua kuliko wanaoula. Najua lebo nne za mguu tangu 2014, nyeusi, nyekundu, kijani, nyeupe, na ni zipi za mnyama aliyelishwa mbegu za mwaloni. Nilimjibu kila mteja aliyeniuliza. Walishangaa: unajua yote haya na hujawahi kuonja? Nikawaambia, daktari naye hajawahi kuwa mjamzito.

Juu ya mali kauli: wakitaka siku 60 za kulipa, usikubali kwa majiko yote matano mara moja. Likifungwa moja utaiona jibini yako ndani ya friji la watu na kufuli mlangoni. Hilo unalijua kuliko mimi, wewe ndiye mhasibu.

Basi, uamuzi. Nimejiapia sitakuamulia, na kalamu inanivuta. Kama ningelikuwa mimi... Siyo mimi. Kampuni ina jina lako tangu 2019, na nilipokukabidhi funguo sikusema funguo zote isipokuwa mmoja. Ila kabla hujawajibu, nenda mwenyewe kwa yule mpishi wao mkubwa, usiende kwa mtu wao wa manunuzi. Nenda na mkate. Onjesha anchoa kwanza, kisha Manchego ya mwaka mzima, kisha pimentón, nyamaza, utazame mikono yake. Kizuri huonjeshwa. Kama hatauliza kitu kingine kwa dakika tano, utakuwa umepata jibu, na ukiulizwa mguu katika dakika ya kwanza, hilo nalo jibu. Mimi ningetaka sana kujua ni lipi.

Turrón, ile halua ya lozi ya Krismasi, agiza mapema, Septemba isikupite. Na ukimpata mtu anayekuja huku mpe makopo mawili ya pimentón tamu, si kali, mama yako anatia kwenye pweza na la mwisho limebaki kijiko.

Yeye mwenyewe amesimama nyuma yangu, anasoma juu ya bega kwa sababu miwani ninayo mimi. Anasema nimeandika kurasa nne bila kukujibu, na kwamba nimpe kalamu, yeye atamaliza kwa maneno mawili. Sijampa.

Baba yako